Uzi wa mzigo mwepesi: begi linunuliwe la mwisho

#1 Mguu wa Mbwa

Wakuu, salamu.

Kuna siku nilimwambia mtu humu kwamba kosa langu kubwa kuliko yote kwenye vifaa vya kambi ni kununua begi zuri. Akanicheka. Nikamwahidi uzi, na ahadi ni deni, basi leo nalipa.

Safari yangu ya kwanza ya kulala porini ilikuwa ya usiku 3, na mzigo ulikuwa kilo 19. Hizo 19 nilizijua baada ya kurudi, wakati nashuka ngazi kinyumenyume kwa ajili ya magoti. Kabla ya hapo sikupima kitu. Nilikuwa nakishika kitu mkononi, nasema "aah, hiki chepesi," natumbukiza. Mkono ni mwongo sana. Kila kitu ukikishika peke yake ni chepesi.

Nikajiaminisha kwamba mchawi ni begi. Lilikuwa na kilo 2.4 likiwa tupu, fremu ya chuma, zipu kila kona. Nikatafuta jingine la gramu 950, kitambaa chembamba, halina fremu, mkanda wa kiunoni kama utepe wa zawadi. Nikahamishia vitu vilevile, vyote, nikaondoka na kilo 17 na nusu nikijiona nimeula.

Siku ya pili mabega yalikuwa mekundu kama yamechapwa. Begi lisilo na fremu linakubeba vizuri mpaka kilo 9 hivi, labda 10. Ukizidisha linajikunja katikati kama gunia, mkanda wa kiunoni unaacha kazi, uzito wote unahamia mabegani. Lile la zamani lilikuwa zito lakini lilikuwa linajua kazi yake: kuupeleka mzigo kwenye nyonga. Nikalirudia, na lile jepesi likakaa juu ya kabati karibu mwaka mzima.

Mwaka huo ndio niliojifunza. Nilichukua mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga, nikapima kila kitu mpaka vigingi vya hema na mfuko wa vigingi. Karatasi nikaigawa safu 3: nilichotumia kila siku, nilichotumia mara moja, na nisichogusa kabisa. Safu ya tatu ilifika kilo 3.4. Ilikuwa na suruali ya jinzi ya akiba (gramu 640), taulo la kuogea (520), shoka dogo (900, na sikuwasha moto hata siku moja), tochi ya mkononi na betri zake za akiba (380), na takataka nyingine zilizojificha kwenye zile zipu. Kilo 3.4 zikaondoka bila kununua kitu.

Angalizo: kisanduku cha huduma ya kwanza na koti la mvua navyo vilikuwa safu ya tatu safari ile. Hivyo havitoki. Kutokutumia dawa ni bahati njema, usiigeuze kuwa kosa la dawa.

Kwa wageni wa mambo haya: watu wakitaja uzito wa mzigo huwa wanatoa chakula, maji na gesi, kwa sababu hivyo vinapungua njiani. Unabaki uzito wa msingi. Ukiwa chini ya kilo 9 wanakuhesabu mwepesi, chini ya kilo 4.5 wanakuita mwepesi kupindukia, na baadhi yao wanaanza kukuheshimu kupita kiasi. Mimi nilianza na 14.

Kati ya hizo 14, vitu vinne tu vilikula kilo 8.1: begi 2.4, hema 3.1, mfuko wa kulalia 1.9, godoro 0.7. Leo vinne hivyo kwangu ni gramu 950, 1,150, 720 na 410, jumla kilo 3.23. Begi ni lilelile la kabatini. Lilikuwa linanisubiri nipunguze mengine.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: pima, acha, kisha badilisha kitu cha kulalia, kisha hema, begi la mwisho kabisa. Ukilitanguliza begi unanunua maumivu.

Ulizeni, na mnaojua zaidi pigeni msumari.

#2 Ngoja Waje

Naweka kambi hapa. Ngoja waje wenye magoti yao.

#3 Kisigino

Mleta mada, heshima yako, lakini haya mambo ya gramu naona ni ugonjwa wa watu wenye hela. Vitu vyepesi vinatengenezwa kwa vitambaa ambavyo ukivitazama vibaya vinachanika. Nimemwona mtu amekata mpini wa mswaki, halafu tumboni amebeba kilo 12 za ziada. Hizo zinapimwa wapi?

#4 Mguu wa Mbwa

Kisigino, hapo kwenye tumbo sina la kujibu, na mimi nipo kundini.

Ila hilo la hela nakukatalia. Soma habari za Emma Gatewood. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67, mama wa watoto 11, aliitembea njia ya Appalachian ya Marekani mwanzo mpaka mwisho, zaidi ya kilomita 3,200. Hakuwa na hema wala mfuko wa kulalia. Alivaa raba za kitambaa, akabeba mfuko aliojishonea mwenyewe begani, blanketi, na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua. Akairudia 1957. Simwambii mtu amuige, yule alikuwa wa aina yake, na njiani alikuwa akipokewa kwenye nyumba za watu. Ila hakuna aliyeweza kumwambia kwamba wepesi ni wa matajiri.

Kuacha kitu nyumbani ni bure. Kununua kitu chepesi ndiko kunakouma, ndiyo maana nasema kuje baada ya kuacha.

Mswaki nami nilikata. Gramu 6. Mpini ule ulikuwa na kazi yake jamani, sasa mate yananitiririkia mkononi.

#5 Bi Sweta

Nimefurahi uzi huu umekuja, maana naona watu wanahesabu gramu za hema halafu wanabeba nguo za wiki. Wanangu, mtu wa usiku 3 na mtu wa usiku 13 wanabeba nguo zilezile. Kinachoongezeka ni chakula.

Mimi nguo nazigawa kwa kazi. Kuna za kutembelea, kuna za kukaa, kuna za kulalia.

Za kutembelea ziwe chache na zikubali kulowa, kwa sababu zitalowa tu, kama si kwa mvua ni kwa jasho. Shati moja la poliesta nyembamba au la merino, ile sufu laini ya kondoo. Poliesta inakauka upesi na inavumilia msuguano, ila siku ya pili inanuka mpaka mwenyewe unajikimbia. Merino inakaa siku nyingi bila harufu, na ikilowa haikushtui kwa ubaridi, lakini ile nyembamba hutoboka mabegani mikanda ya begi inaposugua. Nina moja ya gramu 150 kwa mita ya mraba, imedumu misimu miwili na sasa inaonyesha ngozi. Sijutii.

Pamba mwisho ni nyumbani. Inakunywa maji na haitaki kuyaachia, na maji yanapitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Shati la pamba lililolowa kwenye upepo linakunyonya joto mchana kutwa huku wewe unadhani umechoka tu. Ubaguzi ninaoukubali ni jangwa kavu la joto kali, huko ule ubaridi wa shati lililolowa ndio unaoutaka. Hata huko, jua likizama livue.

Halafu watu wanachanganya flisi na jaketi la manyoya. Flisi, kile kitambaa laini cha poliesta chenye vinyweleo, inapitisha jasho, kwa hiyo unaweza kupandia mlima ukiwa umeivaa. Jaketi la manyoya ni la kukaa: umefika, umeweka mzigo chini, unavaa kabla mwili haujapoa. Ukitembea nalo unalilowesha kwa ndani, manyoya yanashikana kama pamba ya mto wa zamani, na usiku ndio unalihitaji. Wengi huharibu jaketi kwa jasho lao wenyewe kabla mvua haijawagusa. Ondokeni kambini mkiwa mnasikia baridi kidogo. Dakika 10 mbele mtakuwa sawa, na wenzenu watakuwa wamesimama wanavua.

Za kulalia kwangu ni amana: shati, suruali nyembamba ya ndani na soksi nene, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Hazitoki humo mpaka niwe ndani ya hema. Asubuhi navaa soksi za jana zilizolowa, napiga kelele kidogo, naendelea. Ukishaanza kutembea na soksi za kulalia, jioni huna tena kitu kikavu hata kimoja.

#6 Kobe Mtembezi

Bi Sweta, shikamoo. Swali la koti la mvua. Langu liliandikwa halipitishi maji, lakini safari iliyopita nililowa mpaka fulana ya ndani. Nimeuziwa feki?

#7 Bi Sweta

Marahaba. Pengine hukuuziwa feki. Makoti mengi ya aina hiyo yana tabaka mbili kubwa: utando wa ndani unaozuia maji na kuachia mvuke, na kitambaa cha nje kilichopakwa dawa ya kufanya maji yatiririke, kama vile kwenye jani la gimbi. Dawa ile ikichakaa au ikijaa uchafu na mafuta ya mwili, kitambaa cha nje kinalowa chepechepe. Utando bado unazuia mvua, lakini mvuke wa mwili wako hauna tena pa kutokea, unageuka maji ndani. Unalowa kwa jasho lako unasema koti linavuja.

Tazama matone. Yasipojiviringisha tena, lifue kwa sabuni isiyo na vilainishi, suuza sana, kisha lipe joto dogo kama lebo yake inaruhusu. Mara nyingi dawa huamka. Isipoamka, zipo za kupaka upya.

Tena chagua koti lenye zipu za makwapani. Gramu 40 za zipu ni bora kuliko ahadi zote za kwenye lebo. Na pasipo na upepo wala vichaka, mwavuli mwepesi wa gramu 200 unalishinda koti lolote. Vijana wanauonea haya.

Jambo jingine, lile gamba la kufunika begi kwa nje liache. Mvua inapita mgongoni, upepo unalipeperusha. Weka mfuko mkubwa mzito wa plastiki ndani ya begi, vitu vyote vya kukaa vikavu humo, sokota mdomo.

#8 Turubai

Nije kwenye hema, ndipo watu wanapodanganywa na lebo. Mahema mengi yanaandikwa uzito wa aina mbili. Mmoja ni wa vitu vya lazima tu: kitambaa cha ndani, cha nje na nguzo. Mwingine ni wa kila kilichomo kwenye kifurushi, pamoja na vigingi, kamba na mifuko. Tangazo litakuonyesha ule mdogo. Wewe pima mwenyewe likiwa na vigingi, hulali bila vigingi.

Vitambaa: nailoni iliyopakwa silikoni ina nguvu na ni nyepesi, ila ikinyonya unyevu inalegea. Unalala hema limekaza kama ngoma, usiku wa manane linakugusa pua. Inabidi utoke ukaze kamba. Poliesta ya silikoni hailegei hivyo. Ile ya Dyneema, yenye nyuzi ngumu za plastiki, hailegei kabisa na hainyonyi maji, ila haiipendi misuguano, inakunjwa vibaya, na bei yake mtaulizana wenyewe.

Mimi natumia hema linalosimama kwa fimbo mbili za kutembelea. Nguzo zimeondoka kwenye mzigo, maana fimbo nilikuwa nazo tayari. Ubaya wake: halisimami lenyewe. Kwenye mwamba mtupu usipopata pa kuchomeka kigingi unatafuta mawe gizani. Na ukivunja fimbo mchana, usiku hema nalo limelala.

Watu wanalalamika sana kuhusu matone ya ndani. Hema la ngozi moja, yaani la kitambaa kimoja tu bila cha ndani, lina tabia hiyo, pumzi yako ikikuta kitambaa cha baridi inageuka maji. Dawa yake kubwa ni mahali pa kupiga kambi. Msikimbilie bondeni kando ya mto kwa sababu ya mandhari. Hewa baridi huteremka na kutuama huko, na unyevu upo palepale. Pandeni kidogo tu, chini ya miti kama ipo, fungueni milango ya juu. Mtaamka wakavu na nyuzijoto kadhaa zaidi ya wenzenu wa bondeni.

#9 Kobe Mtembezi

Nyie mnanichanganya kwa furaha. Basi nisaidieni: mimi ni mwanamke mwembamba, nasikia baridi hata watu wakivaa vesti. Mfuko wangu wa kulalia umeandikwa nyuzi 0 na niliganda kwenye nyuzi 4. Shida ni mimi au ni mfuko?

#10 Mguu wa Mbwa

Shida ni namba, Kobe. Mifuko mingi hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537, nacho kinatoa namba zaidi ya moja. Kuna ya starehe, hapo mwanamke wa kawaida analala vizuri amejilegeza. Kuna ya ukomo, hapo mwanaume wa kawaida anavumilia amejikunyata. Kati ya hizo mbili mara nyingi kuna nyuzi 5 au 6. Ile kubwa iliyoandikwa mbele ya mfuko mara nyingi ni ya ukomo. Kwa hiyo 0 yako huenda starehe yake ni 5 au 6, na wewe ulikuwa kwenye 4. Uliganda kihalali kabisa. Ipo namba ya tatu, ya hatari, hiyo ni ya kutokufa, usiifanyie hesabu ya usingizi.

Ukipanga safari ya milimani toa nyuzi 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka pale ulipoona utabiri. Wengi hawatoi.

Kuhusu kilichomo ndani: manyoya laini ya bata au bata bukini ndiyo yenye joto kubwa kwa uzito mdogo. Daraja la 800 maana yake gramu 28 za manyoya zinafumuka mpaka kujaza kama lita 13 za hewa. Hewa hiyo ndiyo inayokufunika. Ila yakilowa yanasinyaa na hewa inatoka. Nyuzi za kutengeneza ni nzito na zinachukua nafasi, lakini zikilowa bado zinajitahidi. Mimi ni wa manyoya, na naulinda mfuko wangu kuliko simu.

Nimehamia kwilti, blanketi la manyoya lisilo na mgongo. Manyoya unayoyalalia yamebanwa, hayana hewa, hayakupi joto, sasa ya nini kuyabeba? Ila wewe unayesikia baridi na pengine unageukageuka usiku, baki na mfuko wenye kofia. Kwilti inaingiza upepo pembeni.

#11 Mpiga Filimbi

Hapo kwenye "hayakupi joto" naomba nitoe ushuhuda, kwa sababu mimi ni yule aliyepunguza mpaka akapitiliza.

Nilikuwa na godoro la povu. Nikasoma mahali kwamba miguu haihitaji godoro, nikalikata libaki kuanzia mabegani mpaka kwenye nyonga. Nikaokoa gramu 170. Mfuko wangu ulikuwa wa maana, starehe yake nyuzi 5 chini ya sifuri. Usiku ule hewa ilikuwa kwenye sifuri tu. Juu nilikuwa mkate wa moto, chini nilikuwa barafu. Ardhi ilininyonya kuanzia mapaja mpaka visigino. Saa nane za usiku nilikaa juu ya begi, kamba, na viatu vyangu, nikiimba kimoyomoyo ili nisiwaamshe wenzangu. Wenzangu walikuwa macho, walikuwa wananisikia meno.

Godoro lina namba yake, R, inayoonyesha linavyozuia joto lako lisinyonywe na ardhi. Povu jembamba linakaa kwenye 2 hivi, linafaa majira ya joto. Ardhi ikikaribia kuganda tafuta 4 na kuendelea. Na namba hizo zinajumlishika: povu la 2 juu yake godoro la hewa la 3 unapata 5. Tangu 2018 kuna kipimo kimoja, ASTM F3340, kabla ya hapo kila mtengenezaji alipima kivyake, kwa hiyo ukipata godoro la zamani namba yake usiilinganishe na la sasa.

Siku hizi mfuko wangu ni mwembamba kidogo kuliko ule na godoro langu ni nene. Nalala.

#12 Kisigino

Mpiga Filimbi umenifurahisha. Sasa niwaulize watu wa gramu: viatu. Nasikia siku hizi mnapanda milima na raba za kukimbilia. Mimi buti langu la ngozi, kifundo kimefungwa, kila kimoja gramu 780. Nitazikwa nalo.

#13 Turubai

Zika tu. Vipimo vya watafiti vimekuwa vikionyesha kwamba uzito wa mguuni unachosha kama mara 4 mpaka 6 ya uzito uleule ukiwa mgongoni. Chukua 5 ya katikati. Raba zangu ni gramu 310 kila moja, kwa hiyo pea yako inaizidi yangu gramu 940. Hizo ni sawa na karibu kilo 4.7 za mgongoni. Mleta mada amehangaika mwaka mzima kupunguza kilo hizo kwenye vitu vinne, wewe umezivaa.

#14 Kisigino

Kifundo changu niliteguka mara mbili. Raba yako itanishika?

#15 Bi Sweta

Msigombane. Aliyewahi kuteguka, mwenye mzigo wa kilo 18, na anayekwenda kwenye theluji au mawe yanayoporomoka, avae buti. Mwenye mzigo mdogo kwenye njia iliyokanyagwa avae raba zenye meno, tena zisizo na utando wa kuzuia maji, maana maji yakiingia kwa juu hayatoki tena. Raba ya wavu inalowa dakika moja na inakauka ukitembea. Na iwe kubwa nusu saizi, miguu inavimba mchana.

Turubai, kifundo cha mwenzako si cha hesabu.

#16 Turubai

Nimekubali, mama.

#17 Mpiga Filimbi

Jiko kwa ufupi. Jiko dogo la gesi la kukaza juu ya mtungi ni gramu 70 mpaka 100, sufuria moja ya titani au alumini ya lita 1 kasoro inatosha mtu mmoja. Mtungi wa gramu 100 za gesi ukiwa mpya unafika gramu 200 hivi, kwa hiyo nusu ni chuma. Kuchemsha nusu lita kunakula gramu 7 mpaka 10 pasipo na upepo. Pigeni hesabu ya maji mnayochemsha kwa siku badala ya kubeba mtungi mkubwa "kwa usalama".

Kwenye baridi angalieni kilichomo. Butani inaacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0.5 chini ya sifuri, isobutani inafika kwenye 12 chini, propani 42 chini. Mtungi wa butani peke yake asubuhi ya barafu ni pambo. Ule wa mchanganyiko ulale nao kwenye mfuko.

Na msizungushie jiko la juu ya mtungi kizuia upepo cha bati pande zote, mtungi ukipata moto unalipuka. Wala msipike ndani ya hema lililofungwa. Gesi ya sumu inayotoka humo, kaboni monoksidi, haina harufu.

Maji lita 1 ni kilo 1, hakuna teknolojia itakayolibadilisha hilo. Chunguza vyanzo kwenye ramani, kunywa ukiwa kwenye chanzo mpaka ushibe, beba ya kufikia kinachofuata na akiba kidogo. Chupa nyembamba za soda za lita 1 hazizidi gramu 40 hivi, zile ngumu za mdomo mpana zinakaribia 180. Kichujio cha nyuzi zenye matundu kikishatumika kisiruhusiwe kugandia barafu. Nyuzi zinapasuka ndani, kwa nje kinaonekana kizima. Nacho kilale na wewe. Mfuko wangu wa kulalia usiku umejaa kama daladala.

#18 Ngoja Waje

Walikuja. Swali langu moja tu: kitu gani hamkipunguzi hata kikiwa kizito?

#19 Mguu wa Mbwa

Klabu ya The Mountaineers ya Seattle iliandika orodha ya vitu 10 vya lazima tangu miaka ya 1930 na mpaka leo watu wanaifuata kwa namna yao. Ramani na dira, taa, kinga ya jua, huduma ya kwanza, kisu, cha kuwashia moto, kinga ya dharura ya kulala nje, chakula cha ziada, maji, nguo za ziada. Kila kimoja kinaweza kuwa kidogo. Tochi ya kichwani ya gramu 30 ni taa, lile dubwana langu la gramu 380 nalo lilikuwa taa. Ila kisikosekane. Mimi naongeza filimbi, gramu chache, sauti yake inafika mbali kuliko koo na haichoki.

#20 Kobe Mtembezi

Wakuu, nimerudi. Nimekaa sakafuni na mizani saa nzima na nusu. Mzigo wangu wa msingi ni kilo 11.3. Nimeandika safu 3 kama alivyosema mleta mada, nimetoa kilo 2.6, imebaki 8.7 na bado sijanunua kitu. Mfuko wa kulalia nitaubadilisha kwanza, halafu godoro.

Swali: siku ya begi ikifika nitajuaje la lita ngapi? Hili la sasa ni lita 70 na nahisi ndilo linalonishawishi kujaza.

#21 Mguu wa Mbwa

Ndilo hilohilo, begi kubwa halipendi kukaa tupu.

Ukishabadilisha vya kulalia, chukua katoni. Panga vitu vyote humo kama unavyopanga kwenye begi, pamoja na chakula cha safari yako ndefu kuliko zote, mfuko wa kulalia usiubane sana. Vikija usawa wa mdomo wa katoni, pima kwa rula urefu, upana na kina. Yangu ilitoka sentimita 40 kwa 30 kwa 35. Zidisha, gawanya kwa 1,000: lita 42. Nikaongeza kidogo kwa ajili ya siku ya maji mengi. Kisha uweke mzigo huo kwenye mizani. Ukizidi kilo 10 na chakula na maji yake, tafuta begi lenye fremu nyepesi. Usipozidi, lisilo na fremu litakufaa.

Pima na mgongo wako pia, kutoka ule mfupa uliotokeza shingoni ukiinama mpaka usawa wa juu ya nyonga. Mabegi yana saizi kama viatu, na urefu wako wa kusimama haukwambii kitu.

#22 Kobe Mtembezi

Asante sana. Katoni ninayo.

Nimesahau kusema: kwenye mfuko wa pembeni wa begi, chini kabisa, nimekuta kufuli. Gramu 240. Nimelipandisha milima mitatu. Funguo zake sina.